Utando wa Nyumba ya Saba

Siku za Alhamisi Mama Pasi hakushona. Wateja walishazoea: anayetaka gauni lake siku hiyo aje kesho, au atafute fundi mwingine. Jina la Mama Pasi alipewa na mtaa kwa sababu alipiga pasi kila kitu kinacholala bapa: mashuka, mapazia, vitambaa vya kufutia vyombo, hata matambara ya kupangusia cherehani. Nyumba yake ilinukia sabuni kuanzia mlangoni. Ukiingia na viatu, ulijiona mkosaji kabla hujasalimia.

Asubuhi hiyo alifagia, akapiga deki, akatandika kitambaa cha mezani, kisha akalifunua pipa.

Lilikuwa pipa la plastiki la buluu lililomfika kifuani, chini limejazwa changarawe na juu mchanga, na bomba dogo limetokea ubavuni. Unamimina maji ya kisima, yanashuka polepole, yanatoka bombani masafi. Ndivyo walivyosema watu wa chuo kikuu, wale wanaosomea uhandisi wa mazingira, walipogawa mapipa saba kwa nyumba saba za mtaa. Kila pipa walilibandika karatasi. La kwake liliandikwa Nyumba ya Saba.

Siku ya kuelekezwa matumizi, Mama Pasi alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Akamtuma shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aende kusikiliza. Shemeji alikuwa mlinzi wa usiku na mtu wa maneno ya kuhesabika. Alirudi akasema, "Wamesema lisikauke."

"Basi?"

"Basi."

Akaenda kulala.

Sasa juu ya mchanga palikuwa na ute wa kahawia unaoteleza, mfano wa kitu kilichoota chini ya ndoo. Mama Pasi aliutazama kama alivyowatazama mende. Wageni waje wakute hivi? Akauchota mchanga wa juu kwa bakuli, akausugua kwa brashi na sabuni, akausuuza mpaka ukawa mweupe kama chumvi, akaurudisha. Ndivyo alivyofanya kila walipotarajiwa watu wa chuo. Hakuna aliyemwambia asifanye.

"Hodi!"

"Karibu, karibu mwanangu."

Kijana wa chuo alikuwa mlangoni anavua viatu, begani kisanduku cha barafu, mkononi chupa zake zenye vifuniko vyeupe. Mtaa mzima ulimwita Chupa. Mama Pasi alimwita mwanangu, maana wa kumzaa alikuwa mmoja tu, binti, naye ameolewa mbali na hupiga simu akikumbuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko chuoni hamli?"

"Tunakula mama. Tunakula mawazo."

Mama Pasi alicheka, akamimina chai, akaweka na mkate mezani. Lakini Chupa hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akalifunua, akachungulia, akaguna.

"Majibu ya wiki iliyopita yametoka mama. Mabaya. Maji yako yanaingia machafu, yanatoka machafu. Zile nyumba sita zote maji yao unampa hata mtoto mchanga. Hapa tu ndipo panaponishinda."

"Hata kwa Mama Kuku?"

"Kwa Mama Kuku ndiyo yanaongoza."

Hilo lilimchoma. Mama Kuku wa ng'ambo ya njia alifuga kuku mpaka sebuleni. Kuku mmoja alishaonekana ametulia juu ya pipa lenyewe, amekunja shingo kama karani aliyechoka na watu.

"Yule anayefagia sikukuu hadi sikukuu?"

"Yule yule." Chupa alikaa sasa, akaushika ule mkate lakini hakuula. "Mchanga siyo unaosafisha mama. Mchanga ni nyumba tu. Wanaofanya kazi ni vijidudu wasioonekana kwa macho. Wanajijenga pale juu, wanafanya utando, uteute hivi wa kahawia. Huo utando ndio unaowala wale wabaya wanaoleta kuhara. Kwa wenzako umeshika vizuri. Kwako kila nikija nakuta mchanga mweupe, kama pipa limejazwa jana. Wanakufa. Sijui wanauawa na nini."

Brashi ilikuwa dirishani, bado inadondosha maji. Mama Pasi aliiona. Chupa alikuwa ametazama pipa.

Kusema kulihitaji maneno machache: mimi ndiye ninayeusugua. Akafungua mdomo. Kwanza ilimzuia aibu, kwamba yeye, mwanamke wa mfano wa usafi mtaa mzima, ndiye aliyeyachafua maji kwa sabuni. Kisha kijana akasema lingine.

"Wenzako nimeshawaaga. Nitawapitia mara moja kwa msimu, basi. Ila wewe mama utanichoka. Nitakuja kila Alhamisi mpaka nijue kinachowaua."

"Sitakuchoka," alisema Mama Pasi, na hilo lilikuwa kweli tupu. "Kula mkate."

*

Ndani ya nyumba ile waliishi watu wawili ambao hawakuonana. Shemeji alirudi kutoka kazini wakati Mama Pasi anawasha jiko, akajifungia chumbani kwake akalala. Alipoamka, Mama Pasi alikuwa barazani na cherehani, wateja wamemzunguka. Mama Pasi alipofunga kazi, shemeji alishavaa koti lake na kuondoka. Mazungumzo yao yalikuwa ya sahani. Mama Pasi aliacha sahani imefunikwa, akaikuta tupu na imeoshwa. Mara nyingine ilioshwa vibaya, akairudia.

Wateja nao huongea, lakini huongea kiuno na kola. Shusha kidogo, bana hapa, lini niichukue. Chupa alikuwa mtu pekee aliyeketi kwenye kiti cha sebuleni na kumuuliza, "Umeamkaje mama?" kisha akangoja jibu. Alimweleza habari za huko chuoni. Wenzake walitengeneza makaa kutokana na vinyesi vilivyokaushwa. "Toka hapa!" alisema Mama Pasi, akacheka mpaka machozi. "Mtu apikie hayo?" Wengine walipanda matete kwenye bwawa la maji taka, na maji yakatoka mwishoni samaki wanaishi humo. Wengine walitundika vifaa kwenye nguzo za barabarani kupima vumbi ambalo watu wanalivuta.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi nina mapipa saba tu mama. Likikubali la saba, halmashauri itagawa mtaa mzima, na mimi nitapata shahada yangu."

Jumatano jioni Mama Pasi aliapa hatagusa. Alhamisi asubuhi akafunua, akaona ule ukahawia umeanza kuchungulia, na mkono wenyewe ukaenda kwenye brashi. Mara ya kwanza tungesema ni mazoea. Mara zilizofuata tusimpambe: alijua anachofanya. Alisugua haraka, ametazama mlango, kama mtu anayekula chakula cha mwenzake.

*

Siku moja Chupa alikuja na mkubwa wake. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani shingoni, mhadhiri, wote wakimwita Dokta. Alivua viatu bila kuambiwa. Mama Pasi alimpenda kwa hilo, lakini hakumpenda kwa lililofuata.

"Miezi yote hii," Dokta alimwambia kijana, pale pale sebuleni, kana kwamba mwenye nyumba ni kabati, "unaniletea majedwali yale yale. Umepima joto?"

"Sijapima Dokta."

"Umeuliza anachomimina humu?"

"Nimeuliza. Maji ya kisima tu."

"Basi kuna kitu hukioni. Nikikupeleka mbele ya watahini wenzangu leo utachekesha. Maonyesho yanakuja, halmashauri watakuwepo. Pipa moja kati ya saba likishindwa bila sababu, nani atayaamini hayo sita? Utarudia mwaka."

Chupa alisimama na chupa zake, masikio yamemwiva. Mama Pasi alitaka kumwambia Dokta asimseme mtoto mbele ya watu. Lakini ana mdomo gani?

"Karibuni chai," akasema.

"Asante, hatukai." Dokta alikuwa anazunguka chumba. Akasimama kwenye meza ya kupigia pasi, iliyokaribiana na pipa. Pasi ya mkaa ilikuwa juu ya kigae chake, inafuka. Akaweka kiganja ubavuni mwa pipa, akakiacha hapo, kisha uso wake ukabadilika. "Mama, unapiga pasi hapa kila siku?"

"Kila siku. Ndiyo kazi yangu."

"Kijana, njoo ushike. Pipa lina moto upande mmoja. Tumepata kinachoua utando!"

Walilihamisha wenyewe, wakalisukuma hadi ukuta wa mbali. Maji yalimwagika sakafuni. Chupa aliomba tambara afute, uso wake sasa wa mtu aliyefunguliwa kamba. Mama Pasi akamletea tambara lililopigwa pasi.

*

Alhamisi iliyofuata, mapema, Mama Pasi alikuwa amekwisha kuinama na bakuli pale shemeji alipoingia kutoka kazini. Kwa kawaida angepita. Leo alisimama, kofia mkononi.

"Shemeji."

"Bee."

"Ule mkutano nilikwenda mimi."

"Ukaniambia lisikauke."

"Walisema mengi. Walisema mchanga wa juu usiguswe, wakarudia na kurudia. Mimi nilikuwa na usingizi. Sikukuambia." Alikohoa. Maneno mengi yalimpa tabu. "Lakini siku kijana alipokueleza habari ya utando, nilikuwa macho. Ukuta huu ni mbao tu."

Mama Pasi hakuinua uso. Brashi yenye sabuni ilikuwa mkononi mwake, bado haijagusa mchanga.

"Mtoto wa watu atarudishwa mwaka," alisema shemeji.

"Najua."

"Sasa?"

"Nikiacha, haji tena."

"Haji," alikubali shemeji. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alivungavunga kofia. "Mimi si nipo?"

"Wewe umelala, shemeji."

  Shemeji aliingia chumbani kwake, na kitanda kikalia.

Mama Pasi alibaki na lile bakuli. Baadaye akaurudisha mchanga vile vile ulivyokuwa, na ukahawia wake, akaisukumia brashi nyuma ya kabati la vyombo, mahali ambapo kuifikia lazima mtu alivute kabati.

*

Utando ulishika. Ulishika kwa kasi, kana kwamba vile vijidudu vilikuwa vinangoja mlangoni. Ulitambaa, ukakolea, ukawa kama ngozi ya kitu. Kila Mama Pasi akifunua, jicho lilikwenda kwenye kabati la vyombo. Aliufunika.

Chupa alikuja anakimbia. Alisahau kuvua viatu.

"Mama! Masafi! Masafi kuliko ya Mama Kuku!" Akamkumbatia, na kisanduku cha barafu kikamgonga Mama Pasi mgongoni. "Ni joto! Dokta alijua! Tumehamisha pipa, utando umeshika. Nimeandika sura nzima ya joto. Tutaitundika kwenye maonyesho. Uje mama, lazima uje, Nyumba ya Saba ndiyo habari yenyewe."

"Sura nzima?"

"Kurasa na kurasa!"

Alikunywa chai vikombe viwili siku hiyo, akala mkate wote. Mama Pasi alimtazama anavyotafuna. Akajiambia kuna ubaya gani, maji ni masafi na mtoto amefurahi. Pipa litakaa ukutani, pasi itakaa mezani, na kila mtu atapata chake.

*

Siku ya maonyesho alivaa gauni aliloshona mwenyewe, limenyooka hata anapokaa. Ukumbi wa chuo ulijaa mabango. Palikuwa na yale makaa ndani ya bakuli la kioo, watu wanayanusa kwa tahadhari. Palikuwa na picha za bwawa la matete, vile vifaa vya vumbi, na kikombe cha ushindi walichopewa na chuo cha ng'ambo. Juu yake kitambaa kirefu: Mafanikio ya Kikundi Chetu cha Utafiti.

Akatafuta Nyumba ya Saba. Akaiona. Picha ilikuwa kubwa, ya pipa peke yake, limeng'aa. Pembeni, ukingoni, palionekana kipande cha kiwiko. Alikitambua kwa kovu la pasi. Pichani yeye alikuwa hicho tu.

Chupa alikuwa mbele ya bango, tai imemkaba, anawaeleza watu wa halmashauri. Dokta alikuwa pembeni yake. Mama Pasi akasimama nyuma.

"Kwa hiyo joto la ndani ya nyumba linaua utando," alisema bwana mmoja wa halmashauri, mnene, mwenye kalamu. "Mnashauri nini?"

"Pipa liwe mbali na jiko na moto wowote," alisema Chupa. "Angalau chumba kingine."

"Na zile nyumba za safu ya chini? Wale wana chumba kimoja kimoja. Wanalala humo, wanapikia humo."

Chupa alimtazama Dokta. Dokta akavaa miwani. "Kwa hao tunashauri wasubiri, mpaka tubuni pipa jingine. Kuwagawia sasa ni kupoteza."

"Safu ya chini wasubiri," alirudia yule bwana, na kuandika.

Mama Pasi aliijua safu ya chini. Kisima chao kilichimbwa hatua chache tu kutoka vyooni. Msimu wa mvua huletewa kutoka huko kitambaa cheupe cha sanda, kidogo, kisichofika hata nusu ya meza yake, na baba mtu husimama mlangoni na kusema, fanya haraka mama, na yeye hufanya haraka bila kuuliza vipimo, kwa sababu vipimo anaviona.

"Siyo joto," alisema.

Wakageuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwambia mteja nguo haijaisha.

"Mama!" Chupa alitabasamu. "Huyu ndiye mwenye Nyumba ya Saba, waheshimiwa."

"Siyo joto mwanangu. Nilikuwa nausugua."

"Unasugua nini?"

"Utando. Kwa brashi na sabuni, kila Alhamisi kabla hujafika. Mwanzo sikujua. Ukanieleza, nikajua, na nikaendelea. Nimeacha wiki ile ile mliyohamisha pipa. Lirudisheni karibu na pasi, mtaona."

Watu wengine ukumbini waliendelea kucheka na kunusa makaa. Chupa alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limesahauliwa tu usoni.

"Kwa nini mama?" aliuliza. "Nilikuwa silali."

Angeweza kusema usafi. Wote wangeelewa, pengine wangecheka.

"Ulikuwa unakuja," alisema.

Bwana wa halmashauri alitazama viatu vyake. Dokta alivua miwani, akaenda kwenye bango akaing'oa ile karatasi ya joto, taratibu, gundi ikilia. "Futa ulichoandika cha safu ya chini," alimwambia yule bwana. "Nimekosea. Tutapima upya, na pasi ikiwepo." Kisha akamgeukia Mama Pasi. Hakuwa na hasira, na hakuwa na huruma pia. "Asante kwa kusema. Ungesema mapema."

Chupa alikuwa anakusanya chupa zake za maonyesho, moja moja, na kuzipanga ndani ya kisanduku. Hakuinua kichwa. Mama Pasi alitoka peke yake, gauni lake bado limenyooka.

*

Kilichofuata kilikwenda upesi. Pipa lilirudishwa pale pale ubavuni mwa meza ya pasi, na maji yakaendelea kutoka masafi. Aliyekuja kupima alikuwa binti mwingine wa chuo, mpole, mwenye haraka. Alijaza chupa zake akiwa amesimama.

"Chai?"

"Nashukuru mama, bado nina nyumba nyingi. Safu ya chini yote imeshapata." Akafunga kisanduku. "Kwako pako vizuri. Tutaonana msimu ujao."

"Na mwenzako? Yule kijana?"

"Anaandika upya ile sura. Hatoki maabara." Akavaa viatu. "Anakusalimia," aliongeza, lakini aliliongeza vile watu wanavyoongeza kwa adabu tu.

Alhamisi iliyofuata Mama Pasi alifagia, akapiga deki, akatandika kitambaa cha mezani. Alipofika hapo ndipo alipojishtukia. Akasimama na kile kitambaa, akaona kukikunja ni kazi ile ile, akakiacha. Akafunua pipa. Utando ulikuwa umelala pale, wa kahawia, mnene, mbaya kabisa.

"Haya," aliuambia. "Fanyeni kazi."

Akafunika. Alivuta cherehani ashone, ingawa ilikuwa Alhamisi.

Jua lilikuwa limeshakaa juu mlango wa shemeji ulipofunguka. Alitokea na shati alilolifunga vifungo vibaya, macho mekundu ya mtu aliyejiamsha kwa nguvu. Akaketi kwenye kile kiti cha sebuleni, ukingoni, kama aliyekuja kuomba kazi.

"Leo haji?" aliuliza.

"Haji."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Mama Pasi alisimamisha cherehani. Akachukua kikombe, akakijaza bombani, akampa. Shemeji alikunywa chote bila kupumua, akakitazama kikombe kwa ndani.

"Hayana ladha," alisema.

"Ndivyo yanavyotakiwa."

Walikaa.  Baadaye kichwa cha shemeji kikaanza kudondoka, kikainuka, kikadondoka tena, mpaka akalala pale pale kitini, kikombe mkononi.

Mama Pasi akakitoa kikombe vidoleni mwake polepole. Akakiosha, akakifuta, akarudi kushona, kwa mguu mwepesi, ili cherehani isipige kelele.